Stratocaster ya 1963: namba ya bamba haitoshi, fungua gitaa

Mkuu, umeuliza kama hiyo Fender Stratocaster nyekundu ni ya 1963 kweli, na ushahidi wote wa muuzaji ni picha ya namba inayoanza na L nyuma ya bodi. Namba hiyo usiitegemee. Ni kweli namba za L zilitoka kiwandani Fullerton, California, miaka hiyo, hadi 1965 CBS, kampuni kubwa ya utangazaji ya Marekani, ilipoinunua Fender. Ila zimegongwa kwenye bamba la chuma lililoshikwa na skrubu nne tu. Bamba linahama kutoka gitaa moja hadi jingine, na la kughushi halina shida kupatikana.

Legeza nyuzi, toa shingo. Tumia bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa, kwa sababu skrubu za zamani zikiliwa vichwa, thamani nayo inaliwa. Kwenye kisigino cha shingo ya mwaka huo tegemea mhuri wa wino, mfano 2 MAR 63 B. Hiyo 2 wengi huisoma kama siku ya mwezi. Siyo, ni alama ya modeli ya Strat. B ni upana wa kawaida wa shingo kwenye nati, kile kipande kinachopitisha nyuzi karibu na kichwa, kama milimita 41. Tarehe ni ya shingo, kwa hiyo gitaa kuunganishwa miezi kadhaa baadaye si ajabu. Mhuri uliofifia hausumbui. Kisigino kilichopigwa msasa kikabaki cheupe pee ndicho cha kutilia shaka. Hapo hapo tazama mbao ya freti, ile inayobanwa nyuzi kwa vidole, kwa upande wa mwisho wake: kufikia 1963 rozwudi, mbao yake nyeusi, ilikuwa nyembamba, chini imepinda kufuata shingo. Ile nene yenye chini bapa iliachwa mwaka 1962.

Sasa inua plastiki ya mbele, skrubu 11. Hapa ndipo penye mambo. Volyumu na toni mbili ni za kilo-ohmu 250, na kila moja ina namba mgongoni. 304 6320 maana yake imetengenezwa na kampuni ya Stackpole, mwaka 1963, wiki ya 20. Ikianza na 137 ni ya kampuni ya CTS. Namba hizo zinakwambia gitaa haliwezi kuwa la kabla ya wiki ile, basi. Ukikuta mbili za 1963 na moja ya 1972, fundi ameshapita. Angalia na risasi ya kuchomelea: ya zamani imefifia, na waya zimevikwa kitambaa. Risasi inayong'aa au waya wa plastiki, uliza kimebadilishwa nini. Swichi ya asili ni ya nafasi tatu. Ya nafasi tano Fender walianza kuiweka 1977.

Pikapu, yaani vile vinasa-mlio vya sumaku na koili chini ya nyuzi, za 1963 zina kitako cheusi. Cha kijivu kilikuja 1964. Multimita isome takriban kilo-ohmu 5.5 hadi 6.5. Ukipimia kwenye tundu la jeki, volyumu ikiwa juu kabisa, namba itashuka kidogo kwa sababu volyumu yenyewe imo kwenye mzunguko. Usimshitaki mtu kwa hilo. Ukipima pikapu yenyewe na multimita isisome kitu, koili imekatika, na pikapu iliyosukwa upya si ya asili tena.

Rangi ndiyo inayobeba pesa. Gitaa lililopakwa upya hushuka karibu nusu ya bei, hata kama limepakwa vizuri. Chini ya plastiki tafuta vitundu vya misumari iliyoshikilia bodi wakati wa kupaka na kukausha. Msumari uling'olewa baada ya rangi, kwa hiyo ndani ya kitundu mbao iwe tupu. Rangi ikiwa imeingia ndani, au vitundu vimezibwa, imepakwa upya. Kisha zima taa, mulika kwa ile taa ya kukagulia noti bandia: laka ya zamani hung'aa kijani-njano kote, na kiraka hujitokeza kama doa jeusi. Mipasuko ya kweli ya laka ni myembamba na inakatizana ovyo. Ya wembe imenyooka kama rula. Ukikuta rangi ya sanbasti, ile ya njano katikati na nyeusi kingoni, chini ya nyekundu usikimbilie kusema feki, kiwanda chenyewe wakati mwingine kilipaka juu yake.

Matundu hayadanganyi. Mbao iliyochimbwa kwa patasi pale pikapu ya nyuma ina maana humbaka, pikapu pana ya koili mbili, iliwahi kukaa hapo. Kichwani, vitundu vya skrubu vilivyozibwa na matundu yaliyopanuliwa hadi milimita 10 ni dalili ya funguo nyingine za kukazia nyuzi badala ya zile za asili za kampuni ya Kluson. Hayo hayarudi. Freti na nati mpya mimi sizihesabu sana, ni vitu vya kuisha.

Kuna mtego mmoja zaidi: tangu 1982 Fender wametoa nakala za Strat ya 1962, na namba za zile za Marekani huanza na V. Ukivalisha nakala bamba la L na kulichakaza, kwa picha linapita. Volyumu zake ndizo zitalisema.

Muuzaji akigoma kufungua, omba picha nne: kisigino, mfuko wa shingo (tundu la bodi shingo inapokaa), migongo ya volyumu, na bodi bila plastiki. Akigoma tena, mpe bei ya gitaa la vipuri. Na kama liko nje ya nchi, rozwudi ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu, imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992. Kibali kiwe mkononi kabla hujatuma hela.