Pittsburgh, lakini si Jumanne

Swali lenu la wiki hii ni hili: mgeni akipata siku mbili katika mji wa wastani wa Marekani, usio New York wala Los Angeles, afanye nini cha kufurahisha? Nachagua Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, na sharti la kwanza ni kwamba siku hizo mbili zisiguse Jumanne. Jumba la Sanaa la Carnegie, lile la Historia ya Asili lililo chini ya paa moja nalo, na jumba la msanii Andy Warhol yote hufungwa Jumanne. Asiyelijua hilo hupoteza nusu ya safari yake.

Sharti la pili: usikodi gari. Mji wenyewe una watu kama 300,000 tu, lakini umejengwa kwenye makutano ya mito miwili, Allegheny na Monongahela, inayoungana hapo na kuwa mto Ohio, na vilima vimesimama wima kandokando ya maji. Ramani ya simu hukuonyesha sehemu mbili zilizo jirani, kumbe moja iko juu ya genge na nyingine chini yake. Ukikosa kona moja unajikuta darajani, kisha handakini, na hakuna pa kugeuzia. Basi namba 28X linatoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji, kisha linaendelea hadi mtaa wa Oakland, kwenye chuo kikuu na makumbusho. Nauli ya kawaida ni dola 2.75. Mashine ya basi haitoi chenji, na anayelipa taslimu hapati haki ya kuunganisha safari. Tafuta kadi ya ConnectCard: ukigusa mara moja, unabadilisha mabasi kwa saa tatu bila kulipa tena.

Ndani ya mji kuna treni ndogo inayoitwa T. Kuanzia kituo cha First Avenue hadi kile cha Allegheny, ng'ambo ya mto, inabeba watu bure, tena inapita chini ya mto wenyewe katika handaki lililofunguliwa mwaka 2012. Kosa la wageni ni kudhani kwamba bure hiyo inafika kila mahali. Station Square, kituo kinachofuata baada ya First Avenue ukielekea kusini, kiko nje ya eneo hilo, na hapo unalipa.

Sasa tupande mlima, maana hapa ndipo penye raha kuliko kote. Ukingo wa kusini wa mto Monongahela ni mlima unaoitwa Mount Washington, na mabehewa mawili mawili hupanda na kushuka juu ya reli kwa kuvutwa na kebo. Njia ziko mbili. Ya Monongahela ilifunguliwa mwaka 1870, na ya Duquesne mwaka 1877. Mtambo ni rahisi kuuelewa: mabehewa mawili yamefungwa kwenye ncha mbili za mfumo mmoja wa kebo, moja likishuka linasaidia kulipandisha jingine, hivyo injini inabeba tofauti ya uzito tu. Ile ya Duquesne bado inatumia gurudumu lenye meno ya mbao, na kituo cha juu kina mahali pa kuutazamia mtambo ukizunguka. Usiondoke bila kuuona. Njia hiyo ilifungwa mwaka 1962, wakazi wa juu wakachangishana fedha, na mwaka uliofuata ikafunguliwa tena. Ndiyo maana kituo chake kimejaa picha za zamani na kinatunzwa kama sebule ya mtu.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: panda kwa Duquesne, tembea Grandview Avenue kama kilometa moja na nusu huku mji mzima uko chini yako, kisha shuka kwa Monongahela. Wengi hufanya kinyume, nao huishia kando ya West Carson Street, barabara ya magari yaendayo kasi, pasipo duka wala pa kukaa, na mwendo mrefu hadi kituo cha treni. Ukishuka kwa Monongahela unatokea Station Square penyewe. Hapo usipande treni. Vuka mto kwa miguu kwa daraja la Smithfield Street la mwaka 1883, dakika kumi hivi, na umeshafika katikati ya mji. Asubuhi ya siku hiyo angalia tovuti ya shirika la usafiri wa mji, kwa sababu njia ya Monongahela hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo.

Saa ya kupanda ina uzito kuliko njia yenyewe. Uwe juu nusu saa kabla ya jua kuzama, ukae nusu saa baada yake, ili uone taa za madaraja zikiwaka moja baada ya nyingine. Sisi tuliozoea jua kuzama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima hukosea hapa: mwezi Juni huko jua linazama karibu saa tatu usiku, na Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Desemba pia upepo wa Grandview unauma. Chukua glavu na kofia ya kufunika masikio, la sivyo utashuka kabla ya taa.

Oakland inataka siku nzima. Anza na Cathedral of Learning, ambayo licha ya jina si kanisa bali ni jengo la ghorofa 42 la Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Ndani yake mna madarasa 31 yaliyopambwa kwa mitindo ya mataifa na jamii zilizojenga mji huu wa chuma. Bara letu lote limepewa chumba kimoja, nacho kimeiga ua wa nyumba ya ibada ya karne ya 18 ya Waasante, watu wa Ghana. Mlango wake ulichongwa na Lamidi Fakeye, fundi Myoruba wa Nigeria. Mtu wa Lamu au Zanzibar, aliyekulia kwenye milango ya nakshi, atasimama hapo muda mrefu. Kisha atafute chumba cha Syria na Lebanon, ambacho ni sebule halisi ya nyumba ya Damascus ya mwaka 1782. Vyumba vingi viko ghorofa ya kwanza na ya tatu kwa hesabu ya Kimarekani, ambapo ya chini ndiyo ya kwanza. Kwa hesabu yetu ni chini kabisa na ghorofa ya pili. Siku za kazi wanafunzi husomea humo, kwa hiyo Jumamosi au Jumapili ndiyo siku ya kuviona vingi.

Makumbusho ya Carnegie yako ng'ambo ya barabara, na tiketi moja inaingiza pande zote mbili. Kabla vikundi vya shule havijajaa, nenda moja kwa moja kwa Dippy, dinosaria wa aina ya Diplodocus ambaye mifupa yake ilifukuliwa jimbo la Wyoming mwaka 1899. Mwenye watoto aongeze Phipps, nyumba ya vioo ya mimea iliyopo tangu 1893. Wakati wa baridi hakuna pengine pa kupumua joto la kwetu.

Jumba la Warhol, upande wa kaskazini wa mto, lina ghorofa saba. Panda lifti hadi juu kabisa na ushuke, kwa kuwa kazi zake zimepangwa kufuata umri wake kuanzia huko. Kati ya Aprili na Septemba unaweza kuliunganisha na mechi ya besiboli kwenye uwanja wa PNC Park, mwendo mfupi kutoka hapo. Nunua kiti cha bei nafuu cha juu, nyuma ya mpigaji au upande wa beisi ya tatu, ndipo uone mto na majengo marefu mbele yako. Viti vya upande wa kulia vinaupa mji mgongo. Siku ya mechi daraja la Roberto Clemente hufungwa kwa magari na watu huvuka kwa miguu, na hiyo ni nusu ya sherehe.

Kwa chakula, Jumamosi asubuhi nenda mtaa wa Strip District, kando ya Penn Avenue. Fika saa mbili. Ikifika saa nne huwezi kugeuka. Hapo pana Wholey's kwa samaki na duka la Kiitalia la Pennsylvania Macaroni, lililoanzishwa mwaka 1902, ambako jibini hukatwa mbele yako. Sandwichi maarufu ya Primanti huwa na chipsi na kachumbari ya kabichi ndani ya mkate wenyewe. Mwislamu ajue kwamba kapikola, mojawapo ya nyama za sandwichi hiyo, ni nguruwe, na nyama zote huchomwa kwenye bamba moja. Aende Salem's, mtaa huohuo, penye bucha na mkahawa wa halali. Onja pia pierogi, unga uliokunjwa kwa viazi na jibini kama sambusa ila huchemshwa, kisha hukaangwa kwa siagi na vitunguu. Omba vilivyokaangwa, vya kuchemshwa tu huwa vizito mdomoni. Mkahawani ongeza asilimia 18 hadi 20 kwa mhudumu.

Na kabla ya kupanga sanduku la kurudi: bei ya dukani haina kodi, kaunta huongeza asilimia 7. Ila Pennsylvania haitozi kodi hiyo kwenye nguo na viatu vya kawaida, kwa hiyo zawadi za nyumbani zinunue hapo kabla hujavuka kwenda jimbo la Ohio.