Shujaa wa pointi 80 anapigwa na wapambe: je, fomula ndiyo mbovu?

SWALI: Natengeneza mchezo wangu wa vita vya mezani, wa vijisanamu, kati ya timu za watu wenye nguvu za ajabu. Meza ni sentimita 90 kwa 90, raundi 6, dadu za kawaida za pande 6, na 4 kwenda juu ni pigo au kinga. Nina nguvu 40, ikiwemo ya kurudisha wakati nyuma. Kila mhusika nimempa pointi kwa kikokotoo nilichokipata mtandaoni: shambulio, jumlisha kinga, jumlisha uhai, jumlisha 5 kwa kila nguvu. Tumecheza mara 10. Shujaa wa pointi 80 amefungwa mara 7 na wapambe 8, wafuasi wa kawaida wa pointi 10 kila mmoja. Nibadilishe nini kwenye fomula ili mizani ikae sawa? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Usiguse fomula. Funga hicho kikokotoo, kiweke kando mpaka mchezo wenyewe uwepo. Swali lako ndilo lile lile linaloletwa kila leo, hubadilika majina ya mashujaa tu: mtu ana nguvu 40, ana pointi mpaka desimali, na hajaamua zamu zinakwendaje. Halafu anatafuta kosa kwenye bei, yaani hizo pointi.

Tuache dadu kwanza, tuhesabu kwa wastani. Tuseme mpambe ana uhai 4 na anatoa jeraha 1 kwa raundi. Shujaa anatoa majeraha 4, yaani anaangusha mpambe mmoja kila raundi. Akikutana na wapambe 4 wanaopiga kabla yake, anakula 4, halafu 3, halafu 2, halafu 1. Jumla 10. Akitangulia yeye kila raundi, anakula 6 tu. Hapo hatujagusa pointi hata moja, na tayari suala la nani anaanza limepunguza karibu nusu ya maumivu.

Sasa wafanye wapambe wawe 8. Fomula inasema umeongeza mara mbili, kutoka pointi 40 hadi 80. Meza inasema majeraha yametoka 10 hadi 36. Tena hiyo 36 ni kama angepewa raundi 8. Mchezo wako una raundi 6, kwa hiyo anakula 33 na wapambe 2 bado wako wima wanamtazama.

Mambo haya hayakugunduliwa na wacheza michezo. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester aliyaeleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1916 alipokuwa akichambua vita vya ndege: pale ambapo kila mpiganaji anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kundi hukua kwa mraba wa idadi yake, ilhali ubora wa mmoja mmoja huongeza kwa kiwango chake tu. Kikokotoo chako kinajumlisha. Ukijumlisha kitu kinachokua kwa mraba utakosea kila mara, hata ukiiita ile 5 ya nguvu 4.73.

Na hata jumla yenyewe haina msingi. Chukua dadu moja ya kinga, ambayo kikokotoo kinaiuza bei moja kwa wote. Mpambe mwenye dadu 3 za shambulio akimpiga shujaa mwenye dadu 5 za kinga, anamjeruhi, yaani mapigo yanazidi kinga, kwa asilimia 14.5. Mpe shujaa dadu ya 6, inashuka hadi 9.0: zaidi ya theluthi ya hatari imeondoka. Lakini jitu lenye dadu 8 za shambulio lilikuwa linamjeruhi kwa asilimia 70.9, na dadu hiyo hiyo ya 6 inalishusha hadi 60.5, yaani sehemu moja kati ya saba hivi. Dadu ni ile ile, bei ni ile ile, na thamani yake inategemea nani kasimama mbele. (Hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe bila programu: kwa kuwa kila dadu ni nusu kwa nusu, jumlisha dadu za pande zote mbili, kisha tafuta uwezekano wa kupata mafanikio mengi kuliko idadi ya dadu za kinga. Dadu 6 kwa 4 ni sawa na kutaka angalau 5 kwenye kurusha sarafu 10, asilimia 62.3.)

Nguvu zinazomnyima mtu zamu ni mbaya zaidi. Kugandisha, kutawala akili, kufunga kwa utando: kikokotoo kinazipa zote 5. Timu ya watu 3 ikinyimwa zamu moja imepoteza theluthi ya raundi. Timu ya watu 8 imepoteza sehemu ya nane. Isitoshe, anayenyimwa zamu anakaa kitini akitazama wenzake wakicheza, na huyo hatarudi kucheza mchezo wako. Kanuni ya kufuata: nguvu isimnyang'anye mtu zamu nzima kamwe. Imwondolee tendo moja kati ya mawili, na mwenyewe aweze kujinasua kwa kulipa kitu.

Hapo ndipo wauza vikokotoo wanaponiudhi. Wanakuambia mizani ni hesabu ya jioni moja: jaza visanduku, toa jumla, chapisha. Siku hizi wameongezeka wanaoiambia programu ya akili mnemba iwaandikie kanuni, na inawapa kurasa 30 zenye lugha laini ambamo ukurasa wa 4 unasema shambulio ni tendo na ukurasa wa 19 unasema shambulio ni zamu. Hakuna aliyezicheza. Jedwali la bei ni kitu cha mwisho kutengenezwa, na linatoka mezani, halitoki kichwani.

Kwa mchezo wako, anza na zamu. Nadhani mnapokezana kijisanamu kwa kijisanamu. Shujaa akishamaliza zamu yake moja, wapambe 7 waliobaki wanatembea mmoja mmoja bila kujibiwa. Chukua karata za kawaida. Kila upande upate zamu 6 kwa raundi, haijalishi una vijisanamu vingapi: upande mmoja karata 6 nyekundu, mwingine 6 nyeusi, changanya, funua moja moja. Wapambe watembee kwa makundi ya 3 au 4, kundi moja kwa karata moja. Shujaa aruhusiwe kutumia hadi karata 3 kwa raundi, ila asitumie mbili zinazofuatana za upande wake. Badiliko hili peke yake litakufanyia kazi ambayo miezi ya kuchezea pointi haitaifanya.

Pili, kundi la wapambe lishambulie mara moja kama kundi. Dadu za mmoja wao, 3, ongeza 1 kwa kila mwenzake aliye ndani ya masafa, mwisho nyongeza 3. Wapambe 4 watatupa dadu 6 mara moja badala ya dadu 3 mara nne. Dhidi ya kinga 5, hiyo ni asilimia 50 kamili. Na shujaa akipiga, majeraha yanayozidi uhai wa mpambe wa kwanza yahamie kwa anayemgusa. Usipoweka kanuni hiyo, pigo la majeraha 9 linaua mtu mwenye uhai 4 na majeraha 5 yanaliwa na hewa, na kadiri unavyomwongezea shujaa nguvu ndivyo unavyozidi kuzipoteza.

Tatu, angalia mnashindania nini. Kama ni kushikilia vituo, na kila kijisanamu kinahesabiwa 1, basi wingi umeshashinda kabla dadu hazijatupwa. Shujaa ahesabiwe 3 kwenye kituo.

Kuna njia nyingine ya kumbeba shujaa anayezingirwa. Marvel: Crisis Protocol, mchezo uliotoka 2019, humpa mhusika nguvu ya kutumia kulingana na majeraha aliyopata: ukimpiga unamjazia tangi. HeroClix, tangu 2002, una kitako chenye gurudumu linalozungushwa kadiri mhusika anavyoumia, na uwezo wake hubadilika nalo, mara nyingine ukipanda kabla ya kuporomoka. Soma jinsi zinavyofanya kazi, elewa kwa nini, kisha tafuta njia yako. Huko Marekani haki miliki hailindi namna ya kucheza, inalinda maandishi na picha. Hiyo haikupi ruhusa ya kunakili aya zao, na majina ya mashujaa ni ya watu wenye mawakili.

Nguvu 40 zipunguze. Ziandike zote kwenye karatasi, futa majina yenye mbwembwe, bakiza linalotokea mezani. Utakuta moto, barafu, radi na mionzi ni kitu kimoja: dadu kadhaa, umbali fulani. Zitabaki kama 8 au 9: kusogea kupita vizuizi, kusogeza adui, kurusha vitu, pigo linalogusa wengi, kuongeza kinga ya mwenzako, kumpunguzia adui tendo, kuponya, kutokea mahali pengine. Anza na hizo. Ya kurudisha wakati nyuma ifute leo, kwa sababu hakuna anayekumbuka vijisanamu vyote vilisimama wapi raundi iliyopita, na mtagombana. Ukiipenda sana, iwe ni kurudia kutupa dadu za shambulio moja, mara moja kwa mchezo mzima.

Kurusha magari kuna mtego ambao wengi hawauoni mpaka wamechapisha. Watu wanaandika kanuni nzuri, kila kizuizi kina ukubwa wa 1 hadi 4, mwenye nguvu anarusha kinacholingana naye, kikishatua kinaondolewa. Raundi ya kwanza kila mtu anafurahi. Kufikia raundi ya 4 meza ni uwanja mtupu, hakuna pa kujificha, na wenye silaha za mbali wanawamaliza waliobaki. Kizuizi kilichorushwa kisiondolewe. Kiache kifusi pale kilipotua, kipande cha kadibodi cha sentimita 5 kinatosha, na kifusi kiendelee kumkinga aliye nyuma yake. Kwa meza yako weka vizuizi 10 hadi 12, vinne viwe virefu kuliko kijisanamu. Masafa yasizidi sentimita 40. Timu zikianza sentimita 10 kutoka ukingoni kuna 70 kati yao. Anayepiga umbali wa 60 huku wengine wanatembea 15 kwa tendo anacheza peke yake raundi nzima ya kwanza.

Sasa hayo majaribio yenu 10. Matokeo ya 7 kwa 3 hayajathibitisha chochote. Timu mbili zilizo sawa kabisa zitatoa 7 kwa 3 au zaidi, kwa upande wowote, kwa asilimia 34. Yaani mara moja katika kila tatu. Kwa bahati yako tatizo lilionekana kwenye hesabu hapo juu, lakini usizoee kubadilisha kanuni kwa sababu ya jioni moja mbaya. Ikifika 15 kwa 5 katika michezo 20, hapo timu zilizo sawa zingetoa tofauti kama hiyo au zaidi kwa kama asilimia 4 tu, na una haki ya kushuku.

Cheza kwanza timu moja dhidi ya nakala yake, bila nguvu yoyote ya ajabu, na uandike nani alianza. Kama anayeanza anashinda mno, tatizo liko kwenye zamu na hakuna bei itakayolitibu. Kisha ongeza nguvu moja moja. Timu mbili tofauti zikikutana, mbadilishane timu na mrudie, ili isije ikawa mnapima ujanja wa mchezaji. Andika vitu vinne tu: nani alianza, raundi ilipoamuliwa, nani alitolewa wa kwanza, na nguvu ambayo haikutumika hata mara moja. Badilisha kitu kimoja kati ya jaribio na jaribio. Vijisanamu vya kupaka rangi havihitajiki: vifuniko vya soda za chupa vina upana wa milimita 32 hivi, sawa na vitako vingi vinavyouzwa, na vinaandikika kwa kalamu ya wino mzito.

Bei zije baada ya hapo, na ziwe chache. Kundi la wapambe 4 ni 2, shujaa wa kawaida ni 3, mzito ni 4, jitu ni 6. Timu ni 12. Mhusika akionekana ana nguvu kupita kiasi, badilisha uwezo wake kabla ya kubadilisha bei.

Na kabla hujalipa senti kwa mchapishaji, au kwa yeyote anayejiita mkaguzi wa mizani, wape kanuni watu wawili ambao hawajawahi kukuona ukicheza. Kaa pembeni na daftari. Wakikosea, waache wakosee. Wakikuuliza, waambie wasome tena. Kila unapotamani kufungua mdomo, andika ukurasa waliokuwa wanausoma, kisha uandike upya ukurasa huo.