Usianze na dodoso: kwa wanaoenda kutafiti makampuni ya Asia

Kila kikifika kipindi cha skolaship napata meseji za wadogo zangu, "kaka nimepata nafasi Japani", mwingine China, mwingine Korea, na baada ya salamu tu linafuata ombi: "naomba unisaidie kuangalia dodoso langu." Wote wanaanza na dodoso. Hajafika, hajui hata basi la kwenda kampasi linapita wapi, ila dodoso la kurasa sita analo tayari. Siwacheki maana na mimi nilianza hapohapo, na lilinigharimu karibu mwaka mzima.

Mimi nilisoma masta ya biashara kule Aichi, upande wa Nagoya, mkoa ambao Toyota wana mji wenye jina lao kabisa (zamani uliitwa Koromo, wakaubadilisha jina 1959). Nikajisemea hapa nimefika shambani kwenyewe, kaizen, ile falsafa yao ya kuboresha kazi kidogokidogo kila siku, nimeisoma tangu chuo, sasa naenda kuichuma mtini. Nikatengeneza maswali 48, nikamlipa mtu akatafsiri, nikatuma kwa posta kwenye viwanda vidogo 140 pamoja na bahasha ya kurudishia yenye stempu juu, na hela ya stempu ile ilikuwa hela ya kula jamani, nilikula tambi za maji moto wiki tatu. Zikarudi bahasha 9. Tisa! Na kati ya hizo saba zilikuwa na tatu, tatu, tatu kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho, ile namba ya katikati ya "sikubali wala sikatai" kwenye skeli ya moja mpaka tano.

Nikazipeleka kwa sensei, msimamizi wangu, nikiwa nimejiandaa kulalamika. Akazifunua mojamoja taratibu, akaniuliza kitu kimoja tu: nani alikutambulisha kwao? Nikamwambia hakuna, nilitoa anwani kwenye orodha. Akanirudishia makaratasi yangu, akaendelea kunywa chai.

Baadaye ndo nikaja kusoma kwamba ile tatu wenzetu wameshaijadili sana. Kuna utafiti wa 1995 uliolinganisha wanafunzi wa Japani na Taiwan na wale wa Kanada na Marekani, ukakuta hawa wa Asia wanaegemea zaidi katikati ya skeli na Wamarekani wanapenda zile ncha. Kwahiyo ukichukua wastani wa Japani ukauweka pembeni ya wastani wa Marekani halafu ukaandika "Wajapani hawaridhiki na kazi", unaweza ukawa umepima namna watu wanavyoweka tiki, kuridhika wala hujakugusa.

Ila kilichoniuma zaidi ni tafsiri. Nilikuwa na swali la kupima ushirikishwaji, kwamba je unashauriana na bosi wako kabla ya maamuzi. Wale wachache waliotoka kwenye tatu, hapo waliniwekea tano, nikafurahi kweli, nikaanza kuandika kwenye kichwa changu sura nzima ya demokrasia kiwandani. Mwenzangu wa darasani, Mjapani, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia hapa kila mfanyakazi mpya siku ya kwanza anafundishwa horenso, yaani hokoku, renraku, sodan: toa taarifa, julisha, omba ushauri. Ukiunga vile vipande vya mwanzo unapata horenso, ambalo kwa Kijapani ni jina la mboga, spinachi, ndo maana halisahauliki. Sasa neno aliloliweka mtafsiri wangu kwenye "kushauriana" lilikuwa hilohilo sodan, yaani mdogo kumwendea mkubwa kuomba mwongozo. Mimi nadhani napima ushirikishwaji kumbe napima utii! Na ningetuma bahasha elfu moja zikarudi zote majibu yangekuwa yaleyale. Kwahiyo la kwanza, dodoso lako litafsiriwe kwenda, halafu mtu mwingine kabisa ambaye hajaona lile la mwanzo alirudishe kwenye lugha uliyoandikia, ukae ulinganishe. Halafu mpe mtu mmoja wa kiwandani, sio wa chuoni, akueleze kwa maneno yake kila swali linamuuliza nini. Mmoja tu anatosha kukuaibisha.

Mlango wangu ulikuja kufunguka kwa njia ambayo hakuna kitabu cha mbinu za utafiti kingenifundisha. Nilikuwa naenda kuzoa majani kwenye bustani ya mtaa siku za Jumamosi, kazi ya kujitolea, kuna wazee wengi pale. Mmoja alikuwa mstaafu, miaka zaidi ya thelathini msimamizi wa zamu kwenye kiwanda kidogo cha kukata vyuma, wale wanaompelekea mtu anayempelekea mtu anayempelekea kampuni kubwa ya magari. Tukawa tunazoa majani tu. Miezi miwili hakuniuliza nasoma nini na mimi nikanyamaza, sio kwa akili, Kijapani changu kilikuwa kibovu. Siku aliyoniuliza nikamwambia, akasema "aa", basi. Wiki iliyofuata akaja na kadi ya jina ya mwenye kiwanda, akanipa kwa mikono miwili.

Huo mwaliko mmoja ulinipa zaidi ya zile bahasha 140. Nilipofika nilipokelewa kwa jina la mzee, sio langu wala la chuo. Nikapewa kofia na viatu vya chuma, nikazungushwa. Sakafuni kila kitu kimezungushiwa tepu ya njano, ufagio una sehemu yake, ndoo ina sehemu yake. Waliofanya kazi kwenye hospitali zetu wanaijua hii, ndo ile 5S, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi, tulioletewa na Wajapani tukaiita Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ukutani kuna ubao wa kadi za mapendekezo, kila mfanyakazi anatakiwa kutoa mawili kwa mwezi. Meneja akanieleza kwa fahari, mwaka ule zilipatikana kadi nyingi kuliko mwaka wa nyuma. Nikaandika. Hiyo ni data, si ndiyo?

Jioni tukaenda kula. Mimi bia sinywi, nikaagiza chai ya uulongi, hakuna aliyejali, kinachohitajika ni uwepo tu. Saa ya kwanza stori za besiboli. Saa ya pili msimamizi mmoja wa zamu, amelegeza kola, akaniambia tarehe 30 ya kila mwezi wale vijana wanakaa kwenye chumba cha chai wanaandika chochote mradi kadi zitimie, kuna mmoja aliandika pipa la taka lisogezwe sentimita 30 kulia na mwezi uliofuata huyohuyo akaandika lisogezwe sentimita 30 kushoto. Meza nzima ikavunjika mbavu. Nikamuuliza, sasa kwanini mnaendelea nazo? Akatulia kidogo akasema yeye anazisoma zote, pipa halimhusu, anaangalia nani amechoka, nani bado anaangalia mashine yake na nani keshaacha kuiangalia.

Tasnifu yangu ikazaliwa pale mezani. Wajapani wana maneno yao, tatemae na honne, sisi tunaweza kusema kuna maneno ya barazani na maneno ya uani, na dodoso lako hata liwe zuri vipi linaishia barazani. Usiku uleule nikaandika kila nilichokumbuka nikiwa kwenye treni (mbele ya watu usitoe daftari, na asubuhi rudi uombe ruhusa ya kutumia ulichosikia, mimi nilirudi, yule msimamizi akakubali mradi jina na kiwanda visitajwe, ndo maana hamvioni hapa).

Sasa mtu atasema hizo ni stori, wakubwa wanatumia namba. Haya, tuwaangalie wakubwa. Ule utafiti maarufu wa watu kufanyia kazi nyumbani ulifanyika Ctrip, kampuni ya mambo ya safari ya Shanghai. Waliojitolea wakagawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa, wenye namba shufwa wakabaki nyumbani miezi tisa, wenye witiri wakaenda ofisini, na utendaji wa walioko nyumbani ukapanda 13%. Kazi safi sana. Lakini waliingiaje? James Liang, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alikuwa anasoma udaktari Stanford, palepale kwa maprofesa walioufanya. Mlango huo! Na hapo nilipopapenda ni mwishoni, waliporuhusiwa kuchagua wengi tu wa nyumbani wakarudi ofisini, upweke umewashinda.

Mwingine ni wa viwanda vya nguo karibu na Mumbai, uliotoka 2013. Viwanda kadhaa vikapewa washauri bure wakae nao kwa miezi, wapange stoo za nyuzi, waandike mashine inaharibika lini na kwanini, na mwaka wa kwanza tija ikapanda 17%. Ila soma ndani utakuta kitu kitamu zaidi: kiwanda kinakua kwa kadiri ya idadi ya wanaume wa ukoo, maana mwenye mali haamini mtu baki kushika stoo. Nilivyosoma pale nikaiona Kariakoo nzima, duka la pili linafunguliwa siku shemeji akimaliza fomu foo. Kitu kama hicho huwezi kukipata kwa kutuma linki ya dodoso la mtandaoni.

Linki zenyewe China zina balaa lake. Rafiki yangu wa Wuhan alitoa zawadi ndogo za hela kupitia WeChat, ile app yao ya meseji na malipo, kwa kila anayejaza, akapata majibu 600 ndani ya siku mbili, akapiga sherehe. Kuangalia muda waliotumia, maswali 60 watu wamemaliza sekunde 50. Alibaki na 170. Angalia muda kwanza ndo ushangilie.

Na tafadhali, acheni kuandika "makampuni ya Asia" kama vile ni ukoo mmoja. Zaibatsu ya Japani na chaebol ya Korea, yaani makundi makubwa ya makampuni yaliyo chini ya familia, zinaandikwa kwa herufi zilezile za Kichina, lakini zile za Japani zilivunjwa baada ya vita, zikaja kujiunga upya kwa kuzunguka benki, na za Korea zikabaki mikononi mwa familia na zikazuiwa kumiliki benki za biashara. Herufi moja, mambo mawili. Na mkinukuu namba za Hofstede, yule mtafiti aliyelinganisha tamaduni za nchi kwa namba, zile alizozipata kwa wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, kumbukeni China bara haikuwepo kwenye data ya mwanzo kabisa. Sisi wenyewe tulivyofanywa mnajua? Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia tumetiwa kapu moja tukaitwa Afrika Mashariki, tuna namba moja wote. Mimi na Mwethiopia namba moja! Ukikasirika na hilo basi usimfanyie Mvietnamu.

Kama mlango huna kabisa, chagua swali linaloweza kujibiwa na nyaraka. Japani ripoti za makampuni yaliyoko soko la hisa zipo bure mtandaoni kwenye mfumo wa EDINET, Korea zipo kwenye mfumo wa DART, na Benki ya Dunia ina data za kampuni mojamoja za Vietnam, Indonesia, Bangladesh na kwingineko, unajisajili tu. Hapo hunywi chai na mtu. Ila usichukue swali la uani ukaliuliza kwa nyaraka, wengi wanaferi hapo.

Kuhusu kuchapisha nitasema kidogo, maana bado nina uchungu. Jarida lililokuandikia imeili lenyewe, "dear eminent professor" na wewe ni mwanafunzi wa masta, likaahidi majibu ndani ya siku tano, hilo linataka dola zako. Mimi walizila. Soma kwanza Asia Pacific Journal of Management na Management and Organization Review uone wenzako wanaelezaje walivyoingia kiwandani.

Zawadi mnaniuliza sana. Mimi nilitoka nyumbani na kahawa ya Kilimanjaro pakiti nne nikidhani nawaletea kitu kigeni. Nilipompa yule mzee wa bustani akaicheka kwa furaha, akanipeleka jikoni kwake, akafungua kabati: Kilimanjaro, ameandika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya tepu ya njano, anaikunywa tangu kabla sijazaliwa. Akataka kujua tu kama kweli mibuni inapandwa chini ya migomba, na mimi mtu wa Morogoro ikabidi nimpigie simu rafiki yangu wa Marangu saa tano usiku.