Nisisubiri mimba ndipo nipimwe kaswende

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kitu gani kingeturahisishia kupima magonjwa ya zinaa mara kwa mara. Mimi nataka vipimo vyote vya zinaa vipatikane pale pale tunapopimia VVU, siku hiyo hiyo, na kwa saa ambazo mtu wa kazi anaweza kufika.

Kwa VVU, Tanzania tumepiga hatua kweli. Vituo vya serikali vinapima bure, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 anapima bila ridhaa ya mzazi. Kipimo cha mate unakipitisha kwenye fizi, unasubiri dakika 20, unasoma. Mistari miwili, unakwenda kituoni kuthibitisha. Mmoja, na bado hujamaliza miezi 3 tangu ulipojiweka hatarini, unarudia baadaye.

Sasa ulizia kaswende. Mimi nilipimwa kliniki ya wajawazito, na mume wangu akapimwa kwa sababu alinisindikiza. Baada ya kujifungua, hakuna aliyetugusia tena habari hiyo. Wadogo zangu ambao hawajawahi kubeba mimba hawajapimwa kabisa, wakati damu inayotakiwa ni tone la kidoleni tu, na kuna kipimo kimoja kinachosoma VVU na kaswende kwa pamoja.

Magonjwa ya klamidia na kisonono ndiyo yananiumiza roho zaidi. Zahanati nyingi hutibu kwa kufuata dalili: ukitokwa na usaha au uchafu, unapewa dawa za magonjwa mawili matatu kwa mpigo. Utaratibu huo umewaokoa wengi pasipo na maabara, siupingi. Lakini wanawake wengi wenye klamidia hawasikii chochote. Huyo atafuata dalili gani? Mirija ya uzazi inaweza kuziba taratibu, ndoa inaingia mwaka wa tano bila mtoto, mawifi wanaanza maneno, na lawama zote anabebeshwa mke kwa ugonjwa ambao ungetibiwa kwa vidonge vya wiki moja.

Na vifaa si ndoto. Mashine za GeneXpert, ambazo hospitali zetu nyingi zinatumia kupimia kifua kikuu, zinaweza kupima klamidia na kisonono kwa saa moja na nusu hivi zikiwekewa katriji zake, yaani vikasha vya kipimo. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, bila kupanda kitandani wala kuvuliwa nguo na mtu. Katriji ni ghali, najua. Hapo ndipo ningetaka fedha za afya na bima ziingie, kwa sababu kuhangaikia ugumba baadaye ni ghali kuliko hizo katriji.

Kuhusu muda, nauza vitambaa Kariakoo. Dukani naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 12 jioni, na kuomba ruhusa ni kuulizwa unaumwa nini. Kituo kimoja nilichowahi kwenda kilikuwa na dirisha la zinaa peke yake, na mhudumu aliita majina kwa sauti mbele ya foleni nzima. Mwenzangu tuliyekwenda naye aliondoka kabla hajaitwa. Watu wa namna hiyo ndio wanaoishia duka la dawa kununua antibiotiki kama sipro au azuma kwa kubahatisha, na kisonono kimeshakuwa sugu kwa sipro sehemu nyingi duniani. Foleni iwe moja kwa wagonjwa wote, tuitwe kwa namba, majibu mtu ayapate kwa simu au chumbani kwa daktari.

Waganga wakuu wa wilaya wanaosoma gazeti hili, naomba muanze na kituo kimoja tu karibu na soko au stendi, kifunguliwe hadi saa 3 usiku na Jumamosi nzima. Kaswende iingie kwenye kila upimaji wa VVU, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Wa Kariakoo mkikifungua, nitakuja na wasichana wote wa dukani kwetu.