Linux inataka paswedi, ipi sasa?

SWALI: Fundi mwanangu, hujambo? Nina steshenari hapa Ngamiani. Kijana wa dada yangu alinifutia Windows kwenye laptopu akaniwekea Debian, aina ya Linux, eti virusi basi tena, halafu huyo kaenda zake Dar. Mwezi uliopita nilisahau paswedi, akapita akanibadilishia. Tangu hapo nikifungua Chrome linatoka boksi linataka paswedi, naweka hii mpya linakataa. Nikitaka kuongeza printa linatoka boksi jingine limeandikwa Administrator, nalo linakataa, na wateja wamepanga foleni. Na kwenye kile kidirisha cheusi nikiandika paswedi hakionyeshi kitu, kibodi imekufa au? Mama Steshenari, Tanga.

JIBU: Shikamoo mama. Kibodi nzima kabisa, hicho kidirisha cheusi, yaani teminali, kinaficha paswedi mpaka idadi ya herufi, we andika tu ubonyeze Enta.

Boksi la Administrator halitaki paswedi yako, linataka ya root, yaani mkubwa wa mashine. Debian wakati wa kuiweka kwenye mashine inauliza paswedi ya root, ukiijaza basi mtumiaji wa kawaida hapewi madaraka, ukiiacha wazi root anafungiwa na mtumiaji wa kwanza anaingizwa kwenye kundi la sudo, yaani la wenye ruhusa ya kufanya kazi za root, hapo paswedi yake mwenyewe inatosha. Ubuntu, Linux nyingine iliyotokana na Debian, inatumia njia hii ya pili tangu ilipotoka 2004, ndo maana vijana waliokulia Ubuntu wakikutana na Debian wanabaki kukuna kichwa. Kijana wako aliijaza, na kwa maoni yangu angekuachia mwenyewe kwenye karatasi kabla hajapanda basi.

Mpigie akupe. Halafu kwenye teminali andika "su -", hicho kistari usikiache, maana tangu Debian 10 ya 2019 ukikiacha amri inayofuata utaambiwa haipo. Weka paswedi ya root, kisha andika "usermod -aG sudo" ikifuatiwa na jina lako la kulogini, toka kabisa kwenye akaunti uingie tena. Hiyo a ndogo muhimu mno, ukiisahau unatolewa kwenye makundi yako mengine yote. Printa sasa itakubali paswedi yako.

La Chrome ni kesi nyingine, wala halihusiani na root. Lile ni kabati linalotunza paswedi za mitandao, na kijana alipobadilisha ya kulogini kupitia root kabati lilibaki na ile ya zamani. Ukiikumbuka, fungua programu ya Seahorse ubadilishe ya kabati iwe sawa na ya kulogini. Kama imepotea moja kwa moja, futa kabati lenye jina Login, paswedi zilizomo zinakwenda nalo, hapo pole mama, ukilogini tena linaundwa jipya. Wapo watakaokwambia uliache bila paswedi lisikusumbue. Laptopu ya dukani inayoshikwa na kila mtu? Usikubali.