Wi-Fi katika nyumba ya mawe: vuta waya kwanza

Ukiwa unaishi nyumba ya mawe Mji Mkongwe na Wi-Fi haipandi ghorofa ya juu, usikimbilie Darajani kutafuta ruta yenye antena nyingi zaidi. Nunua waya wa mtandao. Nasema hivi kwa sababu nimeshafunga mtandao katika nyumba yetu ya Kiponda na katika nyumba za jamaa kadhaa, na kila mara naona fedha zinaishia kwenye vifaa ambavyo kuta zetu zinavishinda.

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizopanga upana wake, kama mita tatu hivi, kwa hiyo mawimbi yakitoka ukumbini kwenda chumba cha nyuma hukutana na ukuta baada ya ukuta. Dari nayo si kizuizi kidogo, maana juu ya boriti pamejazwa mawe na chokaa. Na masika yakiingia, kuta hunyonya maji, na ukuta uliorowa hula mawimbi kuliko ukuta mkavu. Chumba kilichokuwa kikipata mtandao Januari kinaweza kuusumbukia Aprili bila ya chombo chochote kuharibika.

Ichukulie ruta kama chemli: mwanga wake hupita mlangoni, dirishani na kwenye ngazi, haupiti ukutani. Kwa hiyo mahali pa kuiweka ni pale panapoonana na milango mingi. Katika nyumba zenye ua wa ndani, mahali hapo mara nyingi ni ukumbi wa ghorofa ya kati unaotazama uani. Iweke juu, usawa wa kichwa au zaidi, mbali na friji, kioo kikubwa na kabati la chuma. Watu wengi huiacha pale pale fundi alipoufikishia waya, kwenye kona ya chini karibu na mlango wa mbele, na nusu ya mawimbi inakwenda kuwahudumia wapita njia.

Sasa kuhusu ruta "yenye nguvu". Mtandao ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ikipaza sauti, simu yako bado inatakiwa ijibu, na simu ina redio ndogo yenye nguvu chache. Ndiyo maana utaona alama za Wi-Fi zimejaa lakini ukurasa haufunguki: simu inasikia, haisikiki. Masafa ya redio ambayo Wi-Fi hutumia nayo yana tabia zake. GHz 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi lakini ni ya taratibu na ina msongamano. GHz 5 ina kasi kubwa, ila ukuta mmoja wa mawe unatosha kuimaliza.

Vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi ili "kurudisha" mawimbi sivishauri kwa nyumba hizi. Vingi hupokea na kutuma kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi hushuka kama nusu. Na vinahitaji viwekwe mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri, wakati wewe unataka kuviweka chumbani ambamo mawimbi yamekwisha. Hata mfumo wa mesh, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, ambao ni mzuri, utateseka ukiuacha uwasiliane kwa hewa kupitia mawe. Ukiunganisha vituo vyake kwa waya, hapo utaifaidi fedha yako.

Tuje kwenye waya wenyewe. Waya wa Cat5e, aina ya kawaida ya waya wa mtandao, unachukua gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba Mji Mkongwe itakayotaka urefu huo. Tatizo ni ubora. Madukani kuna waya wa shaba na kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, na boksi zinafanana. Mwombe muuzaji akukatie kipande, kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukitokea weupe wa fedha ndani, hiyo ni alumini, iache. Hukatika haraka ukikunjwa, na kwa hewa yetu ya chumvi kwenye maungio huliwa mapema. Sehemu itakayopigwa na jua inataka waya wa nje wenye gamba jeusi.

Njia ya kuupitisha usiichimbe ukutani kama unaweza kuikwepa. Ufuate ua, au ngazi, au tundu la zamani la bomba. Mji Mkongwe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kabla ya kugusa ukuta wa nje uliza kwanza mamlaka inayohusika. Ndani, ikibidi kutoboa, mwambie fundi atumie tundu dogo, aende polepole, kisha azibe kwa chokaa. Asitumie saruji. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na baada ya muda plasta inaanza kumeguka.

Juu, mwisho wa waya, funga ruta ya pili. Hata ile ya zamani iliyolala kabatini inafaa. Kama ina hali ya akses pointi, yaani ya kusambaza tu Wi-Fi ya ruta kuu, ichague na umemaliza. Kama haina, iunganishe na kompyuta peke yake, fungua ukurasa wake wa mipangilio, ambao mara nyingi uko 192.168.0.1 au 192.168.1.1, uipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, kisha zima DHCP, yaani ile kazi ya kuvigawia vifaa anwani. Hilo la DHCP usilisahau, maana ruta mbili zikigawa anwani ndani ya nyumba moja, vifaa vitakuwa vinapotea potea. Waya uingie kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Jina na nywila vifanane na vya chini ili simu ihame yenyewe ukipanda ngazi, lakini chaneli, yaani vipande vya masafa, zitofautiane: kwa GHz 2.4 tumia 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Wanaokaa majumba ya Michenzani shida yao ni nyingine, majirani wengi na ruta nyingi. Kwao GHz 5 ndiyo dawa, kila inapofika.

Pemba, kwa shangazi yangu Wete, nyumba ni ya chini na imeezekwa bati, na mtandao ni wa ruta inayotumia laini (SIM) ya simu ya mkononi. Aliniambia, "Mwanangu, nikitoka barazani unakwenda, nikiingia ndani unakufa." Bati huzuia mawimbi ya mnara wa simu kabisa yanapotoka juu. Tuliihamishia ruta kwenye dirisha linaloelekea mnara, tukawa tunaangalia kipimo cha dBm, yaani nguvu ya mawimbi, kwenye ukurasa wake kila tulipoisogeza. Kwa 4G, −85 ni nzuri sana, −110 ni dhaifu. Kusogea hatua mbili tu kunaweza kubadilisha kila kitu, kwa hiyo jaribu madirisha yote kabla ya kulaumu bando.

Umeme pia upangie. Ruta nyingi hutumia volti 12, nyingine 9. Soma kibandiko kisha tafuta betri ndogo ya UPS yenye volti hizo hizo, na ruta itabaki hai umeme ukikatika. Radi za masika zikianza, chomoa umeme na waya wowote unaotoka nje ya nyumba, maana radi hupitia huko vile vile.

Na kabla hujaita kazi imekwisha, badilisha nywila ya ukurasa wa mipangilio iliyokuja na ruta, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya mkato ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN), na wageni wafungulie mtandao wao pembeni. Nyumba zetu hazikosi wageni, na nywila ya familia ikishatoka barazani hairudi.