Mkija Chuoni, Njooni na Kazi

Juzi binti mmoja anayesomea sanaa za maonyesho hapa Mombasa aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Namaliza mwaka huu. Nianzie wapi?" Nikamtumia nambari ya mwelekezi anayetafuta waigizaji wa tamthilia za vitabu teule, vile vinavyotahiniwa sekondari. Akaenda kwenye usaili, akachukuliwa. Wallahi, shoo zangu mwenyewe hazijawahi kunifurahisha hivyo.

Enzi zetu pia wahitimu waliotutangulia walikuwa wakija chuoni kutuhutubia. Walikuja na miwani ya jua, wakatuambia tuamini ndoto zetu, wakapiga picha na mkuu wa idara, wakaondoka. Mmoja alizungusha karatasi tuandike nambari zetu, akaapa atatupigia. Simu nilikuwa naingia nayo mpaka bafuni. Hajapiga mpaka leo, na tukikutana Nyali ananiita "lejendi" mbele za watu. Lejendi wa nini?

Aliyenisaidia hakuwahi kushika maikrofoni kutuhutubia. Ni dada aliyenitangulia chuoni, akiongoza kikundi cha burudani katika hoteli moja ya Bamburi. Alianza kwa kunibebesha maleba, yale mavazi ya jukwaani. Baadaye akaniingiza kwenye ngoma, na nilipozoea akaniketisha chini na mkataba, karatasi ambayo darasani sikuwahi kuionyeshwa. Desemba hoteli inakuhitaji kuliko unavyoihitaji, aliniambia, kwa hiyo bei ipatanie Oktoba. Usikubali kulipwa shoo moja moja msimu mzima bila maandishi. Arbuni iingie kabla fundi hajakata kitambaa cha maleba. Na masika yakifika, Aprili hadi Juni, wageni wakipungua na ufuo ukabaki mtupu, usikae nyumbani kulalamika: shule zikifunguliwa muhula wa pili, vikundi vya vitabu teule vinazunguka kuwaigizia watahiniwa. Kwa maneno hayo niliilipa kodi ya nyumba. Hotuba za ndoto hazikunilipia hata matatu ya Likoni.

Sasa nyinyi wanafunzi. Acheni kuandika "nishike mkono, bro." Mkono nikushike nikupeleke wapi? Omba kitu kimoja: nambari ya mtu, nafasi ya kutazama mazoezi, jicho la pili kwenye ankara yako. Andaa video fupi ya uigizaji wako, na uwe umeshapanda jukwaani mbele ya watu usiowajua. Swahilipot, kituo cha vijana cha sanaa na teknolojia, iko pale karibu na Fort Jesus, Little Theatre Club ipo. Mswada wako uusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla hujaugawa kwa kila mtu, kisha uulize PRISK, chama cha haki za wasanii watumbuizaji, kuhusu mirabaha ya waigizaji ungali kijana, si ukishazeeka na kununa.

Na sisi tuliotangulia, jamani. Unakaa kwenye vikao ambavyo waigizaji wanachaguliwa, unajua mtoto gani wa chuo chako anaweza ile nafasi, halafu unanyamaza kwa sababu unaogopa atakupita? Atakupita tu. Mtaje. Kisha hakikisha amelipwa, maana kumpeleka kijana kwa promota asiyelipa na kusema "anapata uzoefu" ni dhambi, nami sioni jina jingine la kuiita.

Mwenye mkataba asiouelewa anitumie kabla hajatia saini, nitausoma bure. Lakini nataka kurasa zote, hasa ile yenye tarehe ya malipo.